Mchango wa kwanza: kutoka kitabu cha mabati hadi programu huria

Mwezi huu nimeulizwa swali moja na vijana watatu tofauti, mmoja wa Karatina, mmoja wa Nanyuki na mmoja aliye chuoni hapa Nyeri: "Nataka kuchangia mradi wa programu huria, nianzie wapi?" Ningeweza kuwajibu kwa mistari mitano na kila mtu akaenda zake. Lakini kila nikijaribu kuiandika, najikuta nafikiria kitabu cha kikundi cha akina mama wa Mukurweini, na jina la mama mmoja lililokatwa mkia. Kwa hiyo leo naomba mnivumilie. Jibu lipo, ila linapitia kwenye historia.

Kitabu cha akina cucu

Mwaka 2011 nilijitolea kuingiza daftari la kikundi cha nyanya yangu kwenye kompyuta. Kikundi chenyewe kilianza miaka ya 1960 kama kikundi cha mabati. Daftari lilikuwa limechakaa, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa gunia. Ndani kulikuwa na jina, tarehe na alichotoa mtu. Kurasa nyingine hazikuwa na shilingi hata moja. Ziliandikwa tu kwamba fulani amechuma kahawa siku mbili, na fulani amelima siku moja.

Nikaingiza majina yote, nikatumia programu huria niliyokuwa nimeipakua bure kuchapisha orodha, nikawapelekea siku ya mkutano. Mweka hazina akavaa miwani na kuanza kusoma majina kwa sauti, kama walivyozoea. Akafika kwa Cucu Elizabeth Nyagũthiĩ akasita. Mahali pa herufi ya mwisho palikuwa na alama ya kuuliza.

Cucu Elizabeth akachukua karatasi, akaitazama. "Nimechanga miaka arobaini na mitano," akasema. "Leo jina langu limekatwa mkia kwa nini?"

"Cucu, ni kompyuta," nikajibu.

"Kompyuta ni ya nani?"

Wote wakacheka, nami nikacheka, lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani. Ile programu ilikuwa ya nani? Nilikuwa nimeitumia miaka miwili bila kulipa wala kumshukuru mtu. Na hitilafu nilipoiona, jambo la kwanza nililofanya ni kuisingizia mashine.

Mabati yalivyoezekwa

Kabla hatujaenda kwenye msimbo, tuangalie kilichoandikwa katika daftari lile. Wakikuyu walikuwa na ngwatio tangu zamani: majirani wanakutana shambani kwa mmoja leo, kesho kwa mwingine, mpaka mashamba yote yalimwe. Baada ya uhuru, wanawake wa uliokuwa Mkoa wa Kati waliuchukua utaratibu huo wakaupa kazi mpya. Nyumba za nyasi zilivuja, na kila baada ya muda zilitaka kuezekwa upya. Mabati yalikuwa ghali kwa mtu mmoja. Basi wakaunda vikundi, wakafanya vibarua mashambani kwa pamoja, ujira ukaingia katika mfuko mmoja, na fedha zilipotosha wakamwezekea mmoja wao. Kisha mwingine. Kisha mwingine tena.

Angalia mambo matatu hapo, maana tutayakuta tena mbele. La kwanza, aliyekosa fedha alileta mikono yake, na mikono ikahesabiwa kama mchango. La pili, kila mchango uliandikwa ukawa na jina. La tatu, aliyeezekewa nyumba mapema hakuondoka. Aliendelea kuchuma kahawa mpaka wa mwisho naye apate paa. Angeondoka siku alipopata mabati yake, kikundi kingekufa.

Utaratibu huo ulikuwa mkubwa kuliko kijiji kimoja. Harambee, wito wa watu wanaovuta mzigo pamoja, Jomo Kenyatta aliufanya kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, na hadi leo umo katika nembo ya Kenya. Shule, zahanati na mifereji ya maji ikajengwa kwa michango. Mwaka 1972 watu wa Nyeri wakaanzisha kwa harambee Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi, kilomita 6 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya kwenda Mweiga. Murang'a na Meru nako wananchi walichanga wakajenga vyuo vyao vya ufundi. Fikiria kidogo: wakulima ambao wengi wao hawakumaliza hata shule ya msingi wanachanga fedha ili mtoto wa mtu mwingine asome uhandisi. Hawakuwa na hakika kwamba watoto wao wenyewe wangepata nafasi pale. Walichanga hata hivyo.

Mwanafunzi wa Helsinki

Wakati huo huo, mbali na hapa, watu wa kompyuta walikuwa wanaelekea upande mwingine. Programu zilizokuwa zikipitishwa mkono kwa mkono vyuoni zilianza kufungiwa. Mwezi wa Septemba 1983 Richard Stallman, Mmarekani, akatangaza mradi wa GNU: kutengeneza mfumo mzima wa kompyuta ambao mtu yeyote ana haki ya kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Leseni ya GPL aliyoiandika baadaye ina sharti ambalo akina cucu wangelielewa bila mwalimu: ukigawa kazi uliyoijenga juu ya kazi hii, uigawe kwa masharti yale yale. Ukishapata mabati usikimbie.

Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, Linus Torvalds, akawaandikia watumiaji wenzake wa mfumo wa Minix. Akasema anatengeneza mfumo wake wa bure, kwa kujifurahisha tu, hautakuwa kitu kikubwa, na akawauliza wangependa uwe na nini. Watu wakaujaribu, wakamwambia unapokwama, wengine wakamtumia marekebisho. Mwaka 1992 akauweka chini ya leseni ya GPL. Leo Linux ndiyo iliyo ndani ya kila simu ya Android na ndani ya seva nyingi zinazobeba intaneti.

Vijana wengi wakisikia hadithi hii humtazama Torvalds peke yake, wakaona kwamba kuchangia ni lazima uanzishe kitu kikubwa. Mimi nawatazama wale waliomjibu. Wengi wao walikuwa wanarekebisha tatizo lililowasumbua kwenye mashine zao wenyewe, na kwa kufanya hivyo wakawa wachangiaji wa Linux.

Sisi tulikuwa wapi?

Swali la haki. Mwaka 1991 Nyeri haikuwa na intaneti. Ilifika Kenya katikati ya miaka ya 1990, na kwa miaka mingi ilitegemea setilaiti iliyokuwa ghali na ya polepole. Nyaya za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika pwani yetu mwaka 2009. Kabla ya hapo, sisi wa miji ya mlimani tulilipa kwa dakika pale saiba. Kupakua mfumo mzima wa Linux kulikuwa ndoto. Mimi Ubuntu yangu ya kwanza niliipata kwa posta, kwa sidii walizokuwa wakituma bure duniani kote hadi mwaka 2011. Utachangiaje mradi ikiwa kuuona tu kunakugharimu chakula cha mchana?

Hata hivyo watu wa kwetu hawakukaa kimya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Kampuni kubwa haikuhitaji kutoa ruhusa kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi. Kilichohitajika ni watu wa kukaa chini na kukubaliana neno lipi litumike wapi.

Mwanzoni mwa Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipokuwa zinawaka, Ory Okolloh aliomba watu wa teknolojia watengeneze ramani ya matukio. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine wakaitikia, na baada ya siku chache Ushahidi ikawa hewani. Baadaye msimbo wake ukafunguliwa kwa wote. Mwaka 2010, tetemeko lilipopiga Haiti, programu iliyozaliwa kwa uchungu wa Wakenya ilitumika kuwatafuta watu wa Port-au-Prince.

Tukio la tatu halisemwi sana, nalo ndilo lililo karibu zaidi na mlima wetu. Kuna hazina ya data iitwayo CLDR, chini ya Unicode. Humo ndimo simu na kompyuta hutafuta majina ya siku na miezi kwa kila lugha, na namna ya kuandika tarehe na fedha. Mtandao wa ujanibishaji wa Afrika, ANLoc, ulijiwekea lengo la kukusanya data hiyo kwa lugha 100 za Afrika. Toleo la 1.8 la CLDR, la mwaka 2010, likaingiza lugha nyingi za bara letu, na kati yake zimo Kikuyu, Kiembu na Kimeru.

Kazi ile ilihitaji mtu anayejua Jumatatu inaitwaje kwa Kimeru na aliye tayari kuijaza mahali pake kwa uangalifu. Mwanafunzi wa Chuka au Embu aliijua siku zote. Huenda hakujua tu kwamba ujuzi huo ni mchango.

Chuo cha harambee kinapokea wageni

Ile taasisi iliyoanzishwa kwa michango mwaka 1972 ikawa chuo kishiriki mwaka 2007, na mwezi wa Desemba 2012 ikapata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Juni 2015 ilikuwa mwenyeji wa mkutano na mafunzo ya kwanza ya Data Science Africa. Waliofika walijifunza uchanganuzi wa data kwa Python, na mafunzo yakaendelea Kampala mwaka 2016 na Arusha mwaka 2017.

Python ni programu huria. Hakuna aliyelazimika kununua leseni ili afundishe au afundishwe. Mhadhiri mmoja wa chuo hicho, Ciira wa Maina, alichukua Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayotoshea kiganjani na inayotumia Linux, akaitumia kurekodi sauti za ndege. Mwaka 2016 yeye na wenzake walichapisha wazi rekodi za hifadhi iliyo katika eneo la Mlima Kenya, ili yeyote duniani azitumie.

Hebu unganisha nyuzi hizo. Kazi ya mwanafunzi wa Helsinki, ikitumiwa na mhadhiri wa chuo kilichojengwa kwa shilingi za wakulima wa kahawa, inasikiliza ndege wa mlimani, na kinachopatikana kinarudishwa kwa wote. Hiyo ni ngwatio kabisa. Shamba tu ndilo limekuwa kubwa.

Harambee inapoharibika

Lakini nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Harambee ilikuwa na ubaya wake pia. Kuna watu walikatwa michango kwa nguvu. Kuna wanasiasa waliotoa mabunda ya noti mbele ya umati ili wapigiwe makofi na kura, mpaka sheria ya maadili ya maofisa wa umma ya mwaka 2003 ikawawekea maofisa mipaka katika kuchangisha. Na katika vijiji vingi utaona jengo lililofikia kwenye linta likaachwa, mti umeota katikati ya darasa. Siku ya kuweka jiwe la msingi watu hujaa. Siku ya kubadilisha kitasa kilichovunjika hakuna anayekuja.

Programu huria ina ugonjwa huo huo. Aprili 2014 dunia iligundua hitilafu iliyoitwa Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu inayolinda siri za mawasiliano katika sehemu kubwa ya tovuti duniani. Ilikuwa imekaa humo miaka miwili. Watu walipochunguza, wakakuta programu hiyo iliyotegemewa na mabenki na serikali ilikuwa inatunzwa na watu wachache mno, na michango ya fedha waliyopata ilikuwa dola 2,000 hivi kwa mwaka. Kila mtu alikuwa chini ya paa lile na karibu hakuna aliyepanda kugongomea msumari.

Kwa hiyo kijana anaponiambia anataka kuanzisha mradi mpya ili "achangie", mimi humwuliza: umeshaangalia paa linalovuja?

Mkia wa Nyagũthiĩ

Turudi Mukurweini. Usiku ule nilikaa na msimbo wa ile programu ya kuchapisha orodha. Ilinichukua siku tatu kuelewa mahali pa kuangalia, maana sikuwa nimewahi kusoma msimbo wa mtu mwingine kwa makini. Tatizo lilikuwa hili. Programu ilikata kila jina likizidi 20, lakini ilihesabu baiti badala ya herufi. Kwa Kiingereza hutaona tofauti, kwa sababu herufi moja ni baiti moja. Lakini katika UTF-8 herufi ũ ni baiti mbili, na ĩ ni baiti mbili. "Elizabeth Nyagũthiĩ" ni herufi 19 pamoja na nafasi, ila ni baiti 21. Kisu kikapita katikati ya herufi ya mwisho.

Aliyeiandika hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi tu kumwandika mtu anayeitwa Nyagũthiĩ. Na kama sisi wenye majina hayo tusingesema, angejuaje?

Nikarekebisha mistari mitatu, nikatuma. Baada ya siku kadhaa msimamizi wa mradi akajibu kwa upole: asante, lakini andika jaribio linaloonyesha hitilafu. Nakiri niliudhika. Nilikuwa nimeleta zawadi naye ananipa kazi. Karibu niache. Kisha nikakumbuka akina cucu: hata ukileta kuku kwenye harambee, lazima apimwe na kuandikwa kabla ya kupigwa mnada. Nikaandika jaribio, na jina nililotumia ndani yake ni lile lile lililokatwa. Wiki iliyofuata kiraka kikakubaliwa.

Sasa kila mtu anapobadilisha msimbo ule, jaribio lile hukagua kama jina limetoka zima.

Basi nianzie wapi?

Haya, vijana wangu watatu, mistari yenu mitano ni hii.

Kwanza, anza na programu unayoitumia mwenyewe na inayokukera mahali fulani. Usichague mradi kwa sababu ni maarufu.

Pili, soma leseni na maelekezo ya wachangiaji kabla ya kugusa chochote. Hayo ndiyo masharti ya kikundi, na hakuna kikundi kisicho nayo.

Tatu, leta ulicho nacho. Kama huwezi kuandika msimbo bado, eleza hitilafu vizuri: ulifanya nini, ulitarajia nini, ukaona nini. Rekebisha maelezo yaliyopitwa na wakati. Tafsiri. Lugha ya mama yako ni ujuzi ambao wataalamu wengi wa dunia hawana.

Nne, leta kidogo. Kiraka cha mistari mitatu kinasomwa leo, cha mistari elfu tatu kinasubiri mwaka. Ukiambiwa rekebisha, rekebisha. Hujakataliwa.

Tano, rudi. Mchango wa kwanza ni wa kujitambulisha tu. Mradi unaishi kwa wale wanaokuja mara ya pili, ya tatu na ya kumi, hasa kwa kazi zisizopigiwa makofi.

Nilichapisha orodha upya nikawapelekea mkutano uliofuata. Mweka hazina akasoma, akafika pale, akapita bila kusita. Cucu Elizabeth akaomba karatasi aione kwa macho yake. Nikamweleza kwamba sasa jina lake limo ndani ya ile programu, na watu wa nchi nyingine wanalitumia kuhakikisha majina ya watu hayakatwi.

Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Na la kwako wameandika?"

Nikamwambia ndiyo, katika orodha ya waliochangia.

"Vizuri," akasema. "Basi usikose mkutano."